Kinga yako dhidi ya brusela huanzia zizini

Na MWANDISHI WETU

UNAAMKA asubuhi viungo vikikuuma kana kwamba ulikesha ukipasua mawe. Jioni joto la mwili linapanda na unatokwa na jasho hadi shuka zinalowa, kisha kufikia alfajiri homa imekwenda zake. Unafika dukani, unanunua dawa ya malaria, unameza. Wiki mbili baadaye homa ingalipo, na sasa unaambiwa ni homa ya matumbo. Unameza dawa nyingine. Mwezi wa tatu unapoingia huwezi tena kuinama ufunge viatu kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na majirani wameanza kunong'onezana kuwa umerogwa.

Yamkini hujarogwa, ndugu msomaji. Huenda ulikunywa maziwa mabichi, ama ulimsaidia ng'ombe wako kuzaa kwa mikono mitupu, na sasa unaugua brusela.

Watu wengi hapa nchini huuita ugonjwa huu homa ya maziwa. Jina hilo linaweza kukutatiza, kwa kuwa wafugaji hulitumia pia kwa ng'ombe anayeanguka baada ya kuzaa kutokana na upungufu wa madini ya kalsiamu. Hayo ni maradhi mengine kabisa, na hayamwambukizi mtu. Brusela huletwa na bakteria wanaoishi ndani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na nguruwe. Wanyama hao huwaambukiza watu kupitia maziwa, damu na maji ya uzazi. Ni nadra sana mtu kumwambukiza mwenzake.

Swali ambalo wengi huuliza ni hili: ikiwa mtoto huchanjwa dhidi ya ukambi, polio na kifaduro, mbona hakuna chanjo ya brusela katika zahanati zetu? Jibu ni kwamba chanjo ipo, tena ni ya miaka mingi. Tofauti ni kuwa hudungwi wewe. Hudungwa ndama wako.

Mbuzi wa Malta

Kisa cha ugonjwa huu kinaanzia kisiwa cha Malta kilicho katika bahari ya Mediterania, ambako wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakilinda kambi zao walikuwa wakiugua homa isiyoisha. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aliyeitwa David Bruce alipata bakteria hao katika wengu za wanajeshi waliofariki. Jina la ugonjwa limetokana na jina lake. Huyu ndiye Bruce yule yule aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.

Hata hivyo, kumjua adui hakukutosha. Kwa karibu miaka 20 hakuna aliyejua anakotoka. Watu walilaumu hewa, vumbi, maji taka na mbu.

Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mlangoni kwa watu kila asubuhi. Mbuzi hao walikuwa na afya njema, wanene, wenye maziwa tele. Damu yao ilionyesha kuwa wengi walikuwa wameambukizwa, na baadhi yao walikuwa wakitoa bakteria katika maziwa.

Mwaka uliofuata wanajeshi walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua kambini kwa kiasi kikubwa. Raia wa kawaida, ambao waliendelea kunywa maziwa hayo, waliendelea kuugua.

Hapo pana funzo ambalo halijapitwa na wakati. Mnyama anayekupa brusela si lazima awe mgonjwa machoni pako. Ng'ombe aliyeambukizwa aghalabu hutupa mimba mara moja, hasa kuanzia mwezi wa tano na kuendelea. Baadaye anaweza kuzaa kama kawaida, na mwenyewe hudhani mambo yamekwisha. Kumbe bakteria wametulia katika kiwele na hutoka na maziwa kila anapokamuliwa, pengine kwa maisha yake yote.

Chanjo iliyosahauliwa mezani

Chanjo ya kwanza kubwa ya brusela ya ng'ombe ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1923 mtafiti wa Marekani, John Buck, alichukua bakteria kutoka kwa maziwa ya ng'ombe wa aina ya Jersey. Chupa moja iliachwa katika maabara kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kuwekwa kwenye baridi. Ilipochunguzwa tena, bakteria waliokuwemo walikuwa hai lakini wamepoteza makali yao. Ng'ombe aliyedungwa bakteria hao dhaifu hakuugua, na alipokutana na wale wakali mwili wake ulikuwa tayari kupigana.

Chanjo hiyo huitwa S19 na ingali inatumika hadi leo. Hudungwa ndama wa kike mara moja, aghalabu akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6. Hapewi ng'ombe mwenye mimba ovyo ovyo kwa kuwa inaweza kuitoa mimba hiyo, wala hapewi fahali kwa sababu inaweza kumdhuru korodani.

S19 ina ila nyingine iliyowasumbua madaktari wa mifugo kwa muda mrefu. Ng'ombe aliyechanjwa, hasa akiwa amekomaa, anaweza kupimwa damu baadaye na kuonekana kana kwamba ni mgonjwa, kwa kuwa kingamwili za chanjo hufanana na zile za ugonjwa wenyewe. Katika nchi ambako ng'ombe mwenye brusela huchinjwa kwa amri ya serikali, hilo si jambo dogo. Ndiposa katika miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani walitoa chanjo nyingine iitwayo RB51, ambayo haichanganyi vipimo vya kawaida.

Kwa upande wa mbuzi na kondoo, chanjo inayotegemewa ni Rev 1, ambayo ilitengenezwa katika miaka ya 1950. Hadi leo haijapatikana nyingine iliyoishinda.

Mwizi ndani ya kituo cha polisi

Sasa turudi kwa lile swali: kwa nini asichanjwe mtu?

Bakteria wengi wakiingia mwilini huzunguka katika damu, ambako kingamwili huwashika. Chanjo nyingi hufanya kazi kwa kuuzoesha mwili kutengeneza kingamwili hizo mapema. Bakteria wa brusela ana ujanja wake. Huingia ndani ya zile chembe za mwili ambazo kazi yake ni kumeza viini na kuviua, na humo ndimo anamojificha na kuzaliana. Ni kama mwizi aliyeamua kulala ndani ya kituo cha polisi. Askari wa doria wanazunguka mjini usiku kucha, naye yumo kwao anakoroma.

Kwa sababu hiyo, chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria waliokufa huwa haina nguvu ya kutosha. Ili mwili ujifunze kumtafuta adui ndani ya chembe zake, unahitaji kuonyeshwa bakteria aliye hai ingawa ni dhaifu. Hapo ndipo penye kizungumkuti. Bakteria ambaye ni dhaifu kwa ng'ombe anaweza kuwa na nguvu za kutosha kumlaza mtu kitandani. S19, Rev 1 na RB51 zote zinaweza kumwambukiza binadamu.

Si kwamba haijajaribiwa. Uliokuwa Muungano wa Kisovieti uliwachanja wafugaji na wafanyakazi wa vichinjio kwa aina moja ya bakteria dhaifu, na Uchina nayo ikatumia aina yake. Kinga iliyopatikana haikudumu sana, na baadhi ya waliochanjwa, hasa waliorudia, walipatwa na madhara. Nchi nyingine hazikuzifuata.

Siku hizi watafiti wanajaribu njia tofauti. Wapo wanaoondoa jeni moja ama mbili za bakteria ili asiweze kuishi kwa muda mrefu ndani ya chembe, na wapo wanaotumia vipande tu vya bakteria badala ya bakteria mzima. Kazi hiyo inaendelea katika maabara, lakini hakuna chanjo ya brusela ya binadamu ambayo daktari wako anaweza kukuandikia.

Je, ugonjwa unaotoka kwa wanyama unaweza kweli kupata chanjo ya mtu? Unaweza. Nchini Australia, tangu mwaka 1989, wafanyakazi wa vichinjio na wafugaji huchanjwa dhidi ya homa ya Q, maradhi mengine ya bakteria yanayotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hata hivyo, kabla ya kudungwa sharti mtu apimwe ngozi na damu, kwa sababu aliyewahi kukutana na bakteria hao anaweza kudhurika vibaya na chanjo. Unaona basi kwamba hata pale ambapo njia imepatikana, si nyepesi.

Kimeta kinatufundisha nini?

Anayeshuku kuwa kumchanja mnyama kunaweza kumkinga mtu na autazame ugonjwa wa kimeta.

Mwezi wa Mei 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort nchini Ufaransa, mwanasayansi Louis Pasteur aliwachanja kondoo 24 na mbuzi mmoja, na kuwaacha wengine 25 kama hao bila chanjo. Kisha wote 50 walidungwa viini vikali vya kimeta. Umati ulipokusanyika Juni 2 kujionea, wale wasiochanjwa walikuwa wamekufa ama wanakata roho, na waliochanjwa walikuwa hai.

Katika miaka ya 1930, Max Sterne wa kituo cha utafiti wa mifugo cha Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata bakteria wa kimeta aliyepoteza ganda linalomkinga. Chanjo yake ndiyo inayotumika katika sehemu nyingi za dunia hadi sasa. Hudungwa mara moja kwa mwaka, na ng'ombe asipewe dawa za kuua bakteria wakati huo kwa kuwa zitaiua chanjo yenyewe.

Kimeta hakiwezi kufutiliwa mbali kwa urahisi, kwa kuwa mbegu zake hukaa udongoni kwa miongo mingi. Mwaka 2015 mamia ya nyati walikufa kwa kimeta katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Katika sehemu kama hizo chanjo ya kila mwaka ndiyo ngao ya mfugaji na ya anayekula nyama yake.

Ukimwona mnyama amekufa ghafla, amefura, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani, mdomoni ama nyuma, usimchune wala kumpasua, na usigawe nyama hata kama njaa inauma. Mjulishe daktari wa mifugo ili mzoga uchomwe ama uzikwe katika shimo refu. Mtu aliyeshika nyama kama hiyo akiota kipele kinachogeuka kuwa kidonda cheusi kisichouma, akimbie hospitalini siku hiyo hiyo. Kimeta hutibika kikiwahiwa.

Ugiriki waliacha, wakajuta

Kuhusu brusela, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Ugiriki. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 nchi hiyo iliwachanja mbuzi na kondoo wachanga kwa Rev 1. Mimba za mifugo zikaacha kutoka ovyo, na watu waliougua wakapungua. Mwaka 1994 uchanjaji ulisimamishwa. Ugonjwa ulirudi upesi kwa wanyama na kwa watu pia, na ilipofika mwaka 1998 ilibidi kampeni ya dharura ianzishwe ya kuchanja mifugo wakubwa kwa wadogo. Ugonjwa ukarudi chini tena.

Tafakari kisa hicho. Hakuna Mgiriki hata mmoja aliyedungwa sindano. Waliodungwa ni mbuzi na kondoo, na hospitali ndizo zilizopata nafuu.

Marekani nayo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 6,000 mwaka 1947. Baada ya miongo ya kuchanja ndama, kupima ng'ombe, kuwachinja walioambukizwa na kuchemsha maziwa viwandani, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 100 kwa mwaka.

Hapa kwetu

Mwaka 2015 wataalamu wa afya ya watu na wale wa mifugo nchini Kenya waliketi pamoja kupanga ni magonjwa gani ya wanyama yanayotishia watu zaidi. Kimeta na brusela yote yaliingia katika matano ya kwanza, pamoja na malale, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa.

Uchunguzi wa damu uliochapishwa mwaka huo huo ulionyesha jinsi mzigo huu usivyobebwa sawa. Katika Marsabit, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na alama za kuwahi kuambukizwa brusela. Kajiado ilikuwa takriban 14 katika kila 100, na Kiambu 2 hivi. Mahali ambapo familia huishi kwa maziwa na mifugo huhama na kuchanganyika kwenye visima, ugonjwa hupata njia. Mahali ambapo ng'ombe wawili wa gredi hufungwa nyuma ya nyumba na maziwa huishia kwenye sufuria ya chai, hukosa.

Serikali ilitoa mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na brusela wa kati ya mwaka 2021 na 2040, na kuchanja mifugo ni miongoni mwa nguzo zake. Lakini mkakati haudungi sindano. Mfugaji anapohesabu gharama, huona ndama mmoja na sindano moja. Haoni siku za kazi atakazopoteza akiugua, nauli ya kwenda hospitalini, mimba za ng'ombe zitakazotoka na maziwa yatakayokosekana. Ukiziweka gharama hizo zote katika mizani moja, chanjo ndiyo rahisi.

Ufanye nini?

Ikiwa unafuga, muulize daktari wa mifugo wa eneo lako kuhusu kuchanja ndama wa kike kabla hawajafikisha umri wa kupandwa. Usinunue chanjo ukaidunga mwenyewe. Ni bakteria hai, na sindano ikikuteleza ikakuchoma, ama tone likakurukia jichoni, unaweza kuugua.

Hilo likitokea, nenda hospitalini ukiwa umeandika jina la chanjo. Hili si jambo la kupuuza. RB51 haisikii dawa ya rifampisini, na Rev 1 haisikii streptomaisini, nazo ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana kutibu brusela. Daktari asipojua ni chanjo gani, anaweza kukupa dawa isiyofua dafu.

Ng'ombe akitupa mimba, usiguse kilichotoka wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa glavu, uzike ama uchome, na uwafukuze mbwa. Mwite daktari wa mifugo apime damu kabla hujamuuza ng'ombe huyo sokoni, kwa maana utakuwa umeuza ugonjwa kwa jirani. Ukinunua ng'ombe mgeni, naye apimwe kabla ya kuingia zizini mwako.

Kuhusu maziwa hakuna mjadala: yachemshe, yawe ya ng'ombe, mbuzi ama ngamia. Maziwa lala na mursik yakitengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa hayana uhakika wowote, kwani uchachu pekee hauwaui bakteria hawa vilivyo. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Hata ng'ombe aliyechanjwa maziwa yake yachemshwe. Nchini Marekani, mwaka 2017, watu waliugua kutokana na bakteria wa chanjo ya RB51 yenyewe baada ya kunywa maziwa mabichi.

Na ikiwa unaugua homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya mgongo na viungo, mwambie mhudumu wa afya kuwa unafuga ama hunywa maziwa mabichi. Habari hiyo moja inaweza kukuokolea miezi ya kuzunguka.

Uliza pia umepimwa kwa njia gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uligundua kuwa kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika sana katika hospitali za magharibi mwa Kenya kiliwaambia watu wengi kuwa wana brusela ilhali hawana. Watu hao wangemeza dawa za wiki nyingi bure, huku ugonjwa wao wa kweli ukiendelea. Kipimo cha Rose Bengal, ambacho pia si ghali, kinaaminika zaidi.

Ukithibitishwa kuwa unaugua, usikate tamaa. Brusela hutibika. Hata hivyo, aghalabu utapewa dawa za aina mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki 6. Wengi hujisikia vizuri wiki ya pili na kuacha. Kumbuka yule mwizi aliyelala kituoni. Ukiacha mapema, ataamka, na mara hii anaweza kuvamia uti wa mgongo, korodani ama hata moyo.

Chanjo ya binadamu huenda ikapatikana siku moja. Kabla siku hiyo haijafika, nenda leo zizini ukamtazame yule ndama wa kike aliyezaliwa msimu huu. Hesabu miezi yake. Ikiwa ni kati ya mitatu na sita, wakati wa kumpigia simu daktari wa mifugo ni sasa.